Mgomba Wako Kwenye Jalada

Baba mpendwa,

Kitabu kimetoka. Nimekibeba kutoka Mbeya nikiwa nimekipakata kama mtoto mchanga, na mvua yetu ya Tukuyu haikukigusa.

Unakumbuka maduka ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa mfululizo pale mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu? Kila mwenye duka alikutafuta wewe umchoree kibao. Ng'ombe wa bucha, mkasi wa fundi cherehani, kikombe cha chai chenye mvuke. Mimi nilikushikia ngazi huku nikitunga mashairi kichwani, nawe ulikuwa ukiniuliza, bila kugeuka, nimefika ubeti wa ngapi.

Ndiyo maana mchapishaji aliponiuliza kuhusu picha ya jalada, sikuwaza mtu mwingine. Ulichora kwa wiki nzima. Mgomba mmoja, majani yamechanwa na upepo, mkungu umeinama. Niliupeleka Mbeya kwa furaha. Mhariri akautazama kidogo, akauweka pembeni, akanionyesha picha yake: machweo na mwanamke mwenye mtungi. Nikakubali, baba. Niliogopa wasije wakaghairi kitabu chenyewe.

Kwa mwezi mzima nilikudanganya kwamba bado wanaamua. Siku niliyokwambia ukweli ulikuwa unaosha brashi kwa mafuta ya taa. Ukauliza walisema nini hasa.

"Wamesema unafanana na kibao cha duka."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mimi ni mchora vibao. Walitaka ufanane na nini?" Kisha ukaniambia, taratibu, kwamba kitabu ni changu na nisigombane na watu kwa ajili yako. Ukarudi kwenye brashi zako. Lakini niliona ulivyoziosha mara ya pili, na zilikuwa safi tayari.

Kesho yake nilirudi Mbeya. Nilimwambia mhariri kwamba mashairi yale yalitungwa chini ya ngazi ya mchora vibao, na kama mgomba hauingii, basi nayo nayachukua. Akaomba auone tena. Safari hii aliutazama kwa muda mrefu.

Nilikuletea habari kwamba wameukubali ukiwa umeanza kuumwa. Ulisema tu, "Waangalie rangi ya kijani, wasiipaushe." Ulituacha kabla hujaiona.

Hawakuipausha, baba. Jana nilimpa mama nakala ya kwanza. Aliutambua mgomba wa nyuma ya jiko kabla sijasema neno. Nikamwonyesha ndani, palipoandikwa jina lako kama mchoraji, akalifuata kwa kidole, herufi moja moja. Leo asubuhi nilimuuliza ameyaonaje mashairi. Akasema hajafungua bado kurasa hizo, nisimharakishe, kwanza anamaliza kukusoma wewe.

Ndaga fijo, baba. Asante sana. Pumzika.

Binti yako uliyemwachia ngazi,
Lugano