Jiko Limekwenda, Nyumba Ipo

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Kamaludin,

Assalaamu alaykum. Je, kifua kimepoa? Na hiyo Norwei yenu, mwalala na soksi hata mwezi wa Juni? Sisi huku tu wazima, na leo nakuandikia kwa moyo mkunjufu, alhamdulillahi, maana ile hofu ya nyumba ya Mama imekwisha.

Nilikwambia kwenye simu kuwa mvua za masika zilipasua sakafu ya jiko, kule nyuma ukingoni mwa bahari. Ufa mkono waingia! Nawe, kwa haraka zako, ukamtafuta mnunuzi, ukaagiza Mama ahamie Kizingo. Nilikukasirikia, wallahi. Mama alifunga nguo zake mafurushi, akaketi juu yake, hataki chai, hataki maneno. Mimi nalia chooni asinione.

Basi nikamwita Loise, binti wa Kaloleni aliyesomea mambo ya miamba, mpangaji wa Shangazi Mwanamkuu hapo Makadara. Alingoja maji yakupwe, akashuka pwani kuitazama nyumba kwa chini. Nikamfuata, buibui nimelikunja, viatu mkononi. Kumbe nyumba yenyewe imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mzima kabisa. Jiko ndilo lililokaa juu ya jaa! Majivu, vigae vya mitungi, maganda ya chaza, mawe ya kuta zilizobomolewa: vyote walivyovitupa bibi zetu dirishani, miaka nenda miaka rudi, mpaka pakawa uwanja. Babu akaja akapasawazisha, akajenga. Sote tukidhani ni kisiwa, kumbe ni taka zetu wenyewe. Nilicheka mpaka nikakaa mchangani.

Loise asema hata kisiwa kina historia yake. Zamani hizo mito ilipita pande zote mbili ikichimba mabonde. Kisha barafu za mbali, ndugu za hizo unazowapeleka watalii kuziona, zikayeyuka, bahari ikapanda ikayajaza mabonde hayo. Ndizo hori za Tudor na Kilindini tunazozijua. Nami nilidhani barafu ni yenu peke yenu!

Tuliporudi juu, Mama aliuliza neno moja tu: "Nahama?" Loise akamjibu, "Huhami, bibi." Hapo hapo akafungua mafurushi, akatandika kitanda chake, akalala mchana kutwa. Nilikaa mlangoni nikimsikiliza akikoroma, machozi yananitoka, na safari hii sikujificha.

Fundi Ngowa amelibomoa jiko na kuziba ukuta wa nyuma kwa mawe. Mama apikia uani, na kelele zake zimerudi: chumvi nimezidisha, nazi nimeikuna vibaya. Sijapata kufurahia kukaripiwa namna hii.

Msalimie wifi yangu Sheryl na watoto, uwabusu. Shangazi Mwanamkuu akusalimu sana, ati umemsahau. Mwenyezi Mungu akuhifadhi huko ugenini, na riziki yako iwe ya kheri.

Usinune, lakini Mama ameniagiza nikuandikie hivi hivi: mwambie huyo mnunuzi wako kuwa nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe yu hai.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nasiha