Yaya, Sifa Amepelekwa Salamabila

Yaya Mapendo, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia kutoka Kasongo, katika nyumba uliyoniachia pamoja na mwanao. Sifa hayumo tena. Baba yake amempeleka Salamabila leo asubuhi. Naanza na hilo kwa sababu redioni tunatoa habari kubwa kwanza, na kwa sababu nikianza na mengine sitalifikia.

Ulipofariki nilifuata njia yako ya kumfundisha kusoma kama nilivyokuona ukiitumia. Nilifunika ukurasa kwa kipande cha katoni, nikamwachia mstari mmoja. Nilimpa karanga amenye, maana mikono yake ikikosa kazi macho hukimbilia dirishani. Ulizoea kuniambia, "Usimuharakishe, anakuja." Nyumbani alikuwa anakuja. Jioni moja alisoma mistari mitatu bila kuinuka, akauliza, "Mama mudogo, na ule wa chini unasema nini?" Nilitamani uwe mlangoni.

Shuleni haikuwa hivyo. Nilimwomba mwalimu amkalishe mbele na amruhusu kumenya karanga. Si mtu mbaya, alijaribu. Wenzake wakaanza: "Mama Karanga, tupimie kopo moja." Karanga zikaliwa, darasa likawa kicheko. Mwalimu akaniita. "Mama, mutoto iko na akili, lakini haikai fasi moja. Nikikaa naye peke yake, hawa wengine nitawaacha na nani?"

Watoto wanabanana pale mpaka wa pembeni ananing'inia kwenye benchi. Sifa akarudishwa nyuma kabisa. Mwaka ulipoisha akaanguka mtihani, kisha akaanza kutoroka kwenda mtoni.

Nimeuliza hapa, nimeuliza Kabambare nilipokwenda kikazi, kama kuna anayefundisha watoto wa namna yake. Hakuna. Wengi waliniambia nimpeleke kuombewa.

Ndipo baba yake akaja. "Mumemuchokesha bure na mambo ya kalamu," alisema. "Bibi niliyemuoa kule anauzia wachimbaji wa dhahabu chakula. Atamusaidia kuosha sahani." Nilimweleza ulivyokuwa ukimfundisha, na kwamba alikuwa ameanza kusoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu. "Shemeji, we ulisoma sana." Mama yetu alikuwa upande wake. Amechoka kumtafuta mtoni. Wazee wa familia wakasema mtoto ni wa baba, na kikao kikaisha kabla chai haijapoa.

Sifa alipanda pikipiki, akashuka kuangalia mnyororo, akapanda, akashuka kumfuata kuku. "Ee mutoto, kaa basi," motari mwenye pikipiki akasema. Baba yake akajifunga naye kiunoni kwa kitenge chako kile cha kijani. Hakulia. Aliniuliza kama Salamabila kuna mto, nikamwambia sijui. Kabla sijamaliza alikuwa anaangalia kitu kingine.

Sidhani atasoma, yaya. Hata herufi alizonazo zitamtoka. Kule watamwita mvivu, na hakuna atakayekaa chini kuona kwamba si uvivu. Ningeweza kukuandikia jambo jingine la kukutuliza, lakini sina.

Ahadi yangu ni ndogo. Mvua zikipungua na barabara ikipitika, nitakwenda kumwona kwa macho yangu. Nikikuta anapigwa kwa sababu ameacha sahani katikati, nitarudi naye, hata wazee wakinitenga, hata kama hatashika kitabu tena maisha yake yote.

Pumzika, yaya.

Mudogo wako,
Zawadi