Mabomba Kando ya Barabara

Bonde la Laurel, West Virginia
3 Juni

Dada Dreama,

Sasa hivi Waylon wangu ametambaa ndani ya mojawapo ya mabomba yaliyoachwa kando ya barabara, akatoa kichwa upande wa pili akipiga kelele, "Mimi ndiye maji!" Nimecheka, halafu nikataka kulia.

Hujambo huko Washington? Sisi wazima, ila kisima bado kinatoa maji ya rangi ya kutu. Waylon namwogesha kwa maji ya chupa, vipele vyake havijapona.

Mafundi wameondoka. Wanasema fedha za bomba letu Bunge lilishazipitisha, sasa Rais anataka zifutwe, na kamati ya Bunge unayoifanyia kazi ndiyo inayopitia ombi lake. Kamati yenu, dada! Halafu nasikia umemwita Tonya wa ng'ambo ya mlima akaseme mbele ya wabunge. Tonya, ambaye maji safi yanamtiririkia jikoni tangu mwaka juzi! Mimi sina mdomo?

Mama anaizungusha picha yako kanisani. Mimi ninayempikia kila siku, nani amewahi kunipiga picha?

Mdogo wako,
Kelsie


Washington
20 Juni

Kelsie wangu,

Salamu zako zimefika, na miiba yake. Mimi mzima, usingizi tu ndio sina.

Ningekuita wewe, wangesema Dreama anapigania ndugu zake, na bonde zima lingekosa. Tonya aliwaeleza maji yamembadilishia nini. Sasa sikiliza: sheria inawapa wabunge siku arobaini na tano za vikao. Wasipokubali kufuta, fedha lazima ziachiliwe. Kwa hiyo usiombe waseme. Omba wanyamaze.

Tonya alikuja na picha ya mwanawe akichezea maji kwenye beseni. Niliitazama mpaka nikaona haya. Mimi sina wa kumwogesha, kwa maji ya aina yoyote. Usinionee wivu sana, mdogo wangu.

Dada yako,
Dreama


Bonde la Laurel
17 Julai

Dada, u mzima? Huandiki. Wamenyamaza wao, au umeninyamazia wewe kwa yale niliyosema?

Mdogo wako


Bonde la Laurel
12 Agosti

Dada yangu,

Pole na kazi. Kumbe kweli walinyamaza! Hakuna aliyetutangazia chochote. Tumesikia lori tu asubuhi, na Mama akatoka nje na taulo kichwani. Mafundi wanachimba mpaka mlangoni kwetu.

Nisikudanganye, wivu bado ninao. Vile viatu vyako vya kwenye picha, nani asingevitamani? Lakini likizo uje. Waylon utamwogesha wewe, kwa maji yetu, mpaka vidole vimkunjamane, mimi nikae pembeni nikuonee wivu vizuri. Na jina lako sasa analitamka, anasema—

Ngoja, fundi ananiita: "We mama! Njoo umtoe huyu 'maji' wako humu bombani, tunataka kulifukia!" Ameingia tena, dada, ameingia kwenye bomba la mwisho na hataki kuto—