Saini ya Papa Antoine

Maman Sidonie mpendwa,

"Bon, nilisha kumusamehe mbele ya kanisa nzima. Karatasi ya nini tena?" Ndivyo anavyosema mdogo wako, Papa Antoine, na watu wanampigia makofi. Amekosea! Mahakama ya Brussels haikuwepo kanisani siku ile.

Huku tu wazima. Baridi imeanza. Soko la Flagey limejaa maboga, na majani yake wanayatupa, ujinga gani huo!

Unakumbuka mwanangu Guylain alivyomvunja Antoine meno kwenye harusi. Alitumikia kifungo, akalipia meno yote, tukala meza moja, na kwetu kesi ikaisha. Miaka ya kungoja inayotakiwa na sheria imepita, tabia yake safi. Sasa anaomba hukumu ifutwe, maana bila hivyo shule haimpi kazi ya kuendesha basi la watoto. Mwendesha mashtaka anataka jambo moja tu: aliyeumizwa aandike kwamba alilipwa fidia. Antoine anakataa. Eti akisaini kwamba alilipwa, ataonekana hakusamehe kweli.

Nilimwambia, "Papa, Mungu hana dawati pale mahakamani!" Akanifungia mlango.

Jana nilimkuta Guylain anapanga nguo zake kwenye begi.

Antoine hajawahi kukubishia wewe, dada yake mkubwa. Mpigie simu leo, umsomee barua hii. Na wewe Papa Antoine, unayesikiliza sasa: msamaha wako ni wa kweli? Basi uandike, utie saini.

Ni mimi, mama yake Guylain,
Clémence