Likizo Yako Imekwisha, Dada Tatu

Nyumbani kwa Mzee Mwinyimadi,
Kisarawe.
17 Agosti 2025

Mpendwa dada Tatu,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Shikamoo hii ipokee tu. Ni ya umri, umenizidi miaka mitano na hilo halina mjadala.

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lusaka, wewe na mwenzako Aneth. Natumaini miguu haivimbi tena kama ulivyolalamika mlipokuwa Namibia, na homa ya Machi haikurudi. Sisi huku hatujambo. Baba hajambo kwa kiasi chake. Mimi ni mzima ila mgongo, na huo sitaueleza, utakuja kuujua mwenyewe.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ninayo. Ujumbe wa simu unaujibu kwa picha ya kidole gumba kisha unaendelea na yako. Hii itabidi uishike mkononi. Naituma kwa Latifu wa baba mdogo, anayeondoka Jumanne na lori la mzigo kuja huko. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe, na asikae kusubiri jibu.

Ujumbe wako wa wiki iliyopita niliuona. Umesema utaingia Kibaha mwisho wa Septemba, tarehe moja Oktoba unaripoti kazini, halafu mambo ya baba tutayapanga taratibu. Nilikuwa nimeshika beseni nilipoyasoma maneno hayo. Basi kabla hujapanga chochote, acha nikueleze yaliyotokea huku, usije ukasema hukuambiwa.

Unakumbuka tulivyoanza. Miaka minne tulikaa na ile ramani ukutani, katika nyumba yetu ya kupanga pale Pangani ya Kibaha, wewe ukichora njia kwa kalamu nyekundu: Tunduma, Livingstone, Windhoek, Cape Town, kurudi kupitia Maputo. Ofisini kwenu walikucheka, afisa mipango mzima anaomba mwaka bila mshahara akazurure. Mimi kule Ruvu, mkuu wa maabara aliniuliza kama nimepata mchumba wa nje. Tulichanjwa homa ya manjano siku moja na tukalala na homa pamoja, kitanda kimoja, tunacheka. Likizo zikatoka zote mbili, kuanzia tarehe moja Oktoba. Sikuwahi kutaka kitu maishani kama nilivyoutaka mwaka ule, na aliyenifundisha kutaka ni wewe.

Tarehe kumi na mbili Septemba baba akaanguka kwenye mikorosho yake. Upande wa kulia ukalala wote, na ulimi ukawa mzito.

Pale hospitali, kwenye benchi la nje ya wodi, wewe ndiye uliyesema. Nayakumbuka maneno yako: "Hakuna anayekwenda. Baba kwanza." Nililia, ukanifuta kwa mtandio wako. Mama angekuwa hai angejivunia, ndivyo nilivyofikiri siku ile. Likizo yangu sikuifuta, kwa sababu nilihitaji siku za kumuuguza. Nilidhani na wewe hukuifuta kwa sababu hiyo hiyo.

Jumatano ya tarehe mbili Oktoba ulikuja hapa Kisarawe na mfuko wa machungwa. Ulikaa na baba peke yenu wakati mimi nikifua nguo bombani. Nilipoanika shuka la mwisho ukaniaga, ukasema unawahi Kibaha kuchukua nguo zako. Ijumaa nikapata ujumbe kwamba uko Tunduma na Aneth, nikusamehe, utanieleza.

Nilikwenda Pangani kuhakikisha. Ramani ulikuwa umeibandua. Mkoba wangu wa kijani wa mgongoni, ule niliouagiza na kuungoja miezi miwili, haukuwepo. Nikauona baadaye kwenye picha, mgongoni kwa Aneth. Mtu uliyefahamiana naye kwenye semina moja ya Morogoro. Ungeondoka peke yako ningekuwa na hasira ya kawaida. Lakini nafasi yangu uliijaza kabla haijapoa, tena kwa mkoba wangu.

Sasa nikueleze mwaka wangu wa kusafiri. Niliusafiri kati ya kitanda na choo. Kila asubuhi namgeuza baba ubavu, nasafisha, napaka mafuta mgongoni asitoke vidonda, nabadilisha nepi, namlisha uji kwa kijiko kidogo kwa sababu kikubwa kinampalia. Mwezi wa kwanza alikuwa anafumba macho nikimvua, kwa aibu. Mwezi wa tatu akaacha kufumba. Siku ile aliyoacha ndiyo iliyonivunja, sijui kwa nini.

Kaka Kitwana anakuja kutoka Dutumi mara moja kwa mwezi. Analeta mahindi, anakaa mkekani, anasifu jinsi baba alivyo msafi. Ikifika saa ya kubadilisha anakumbuka kwamba ameacha ng'ombe. Siwema, jirani yetu wa nyuma, ndiye anayenisaidia kumnyanyua, na hana undugu na sisi hata wa kunywa chai.

Baba alikuwa anakuulizia kila siku. Nilimwambia uko masomoni Dodoma. Wakati ule niliamini namdanganya.

Februari, Siwema alimwonyesha ile video yako ya jangwani. Hakuwa na nia mbaya, alidhani baba anajua. Unateremka mbio kwenye kilima cha mchanga, umevua viatu, unapiga kelele, Aneth anacheka nyuma ya simu. Baba aliomba airudie. Akaomba tena. Mara ya tatu akasema neno moja, na kwa ulimi wake ule lilimchukua muda: "Amependeza."

Nilitoka nikaenda kukaa jikoni. Mimi nilikuwa nimevaa dera lenye harufu ya mkojo wake, na aliyependeza ni wewe.

Katikati ya Juni ikaja barua ya ofisi yenu. Baba alipolazwa ulibadilisha fomu yako ya likizo, ukaandika jina langu na anwani ya hapa kwa mawasiliano, ukaniambia hutaki ofisi ikusumbue. Niliifungua. Walitaka uthibitishe kwa maandishi, kabla ya tarehe thelathini Juni, kwamba utarudi likizo ikiisha, kwa sababu nafasi yako inahitajika. Usipothibitisha utahesabiwa umeacha kazi mwenyewe.

Niliikunja nikaiweka chini ya godoro la baba. Sikukupigia. Siku mbili baadaye akapiga Bwana Wilfred, yule afisa utumishi wenu mpole, akauliza kama barua imefika na kama unarudi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, namwona baba anavyojaribu kukunja vidole vya mkono uliokufa. Nikamjibu, "Harudi. Amesema msimsubiri." Akasema ni hasara, Tatu ni mchapakazi. Nikasema ndiyo, ni hasara.

Usinihukumu bado, sijafika penyewe.

Jumanne ya tarehe ishirini na nne Juni nilikuwa namnyoa baba ndevu. Nilikuwa na hasira, na nikaanza kukusema. Nilisema mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa. Baba akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto, wembe ukasimama.

"Usimtukane mwenzio," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aende."

Nilimuuliza lini. Akasema siku ya machungwa. Kwamba ulilia mbele yake, ukamwambia utabaki, naye akaona macho yako. Nikamuuliza, na mimi je, macho yangu hakuyaona. Baba hajawahi kujibu ovyo, hata sasa.

"Yule angebaki angenichukia. Wewe hutanichukia."

Nilimaliza kumnyoa shavu la pili. Nikampangusa, nikampaka mafuta. Hakuniomba radhi na mimi sikudai. Kwa hiyo nafahamu sasa, dada, kwamba hukutoroka. Ulipewa ruhusa, na mimi ndiye niliyetolewa kafara. Mliongea juu yangu nikiwa nafua shuka hatua ishirini kutoka dirishani, na hakuna aliyeniita. Wewe ulikuwa na miezi kumi ya kuniambia hilo. Ulichagua kunitumia picha za tembo.

Zilikuwa zimebaki siku sita kufika tarehe thelathini. Ijumaa nilimwachia Siwema baba, nikavaa vizuri, nikaja Kibaha ofisini kwenu. Naapa nilikuja kurekebisha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: kulikuwa na kutoelewana, simu ilikuwa mbaya, dada anarudi.

Bwana Wilfred alinipokea vizuri, akanipa kiti, akauliza hali ya mzee. Akaniuliza nimekuja kwa shida gani. Nilifungua mdomo. Nikawaona akilini wewe na yule binti Aneth mnarudi mmebabuka kwa jua, unaoga, unapiga pasi, tarehe moja unakaa kwenye meza yako kama mtu aliyetoka kusali, na jioni unanipigia kuuliza mzee amekula nini.

Nikasema, "Nimekuja kuchukua vitu vyake."

Aliniletea boksi. Kuna kikombe chako cha bluu, sweta, kalenda ya mwaka jana, na kandambili za kuvaa chini ya meza. Nikatia sahihi. Alinisindikiza mpaka getini na kusema wewe ukipata nafasi upite kuwaaga. Julai wakamweka mtu mwingine pale, kijana wa Dodoma, nasikia ni mwepesi sana wa kazi.

Mara ya kwanza nilifanya kwa kutojua. Mara ya pili nilikuwa najua kila kitu, na hiyo ndiyo nataka uisome mara mbili. Nimejaribu kujuta. Nimejaribu hasa katika sala, maana huko ndiko mtu anatakiwa asijidanganye. Majuto hayaji. Kinachokuja ni usingizi, na nilikuwa sijalala vizuri tangu Oktoba.

Baba nimemwambia. Sikumficha, sisi wawili hatufichani tena. Alitazama ukuta siku nzima, hakula mchana. Jioni akaomba uji, akaniuliza kama utarudi. Nikamwambia sasa utarudi kweli. Uji aliumaliza.

Likizo yangu inakwisha tarehe thelathini Septemba, na mimi nafasi yangu nilithibitisha mapema, kwa mkono wangu. Tarehe moja naripoti Ruvu. Nimeikumbuka ile maabara, chupa za sampuli zimepangwa, harufu ya klorini, maji ambayo ukiyapima yanakupa jibu moja tu. Nimepanga chumba huko huko karibu na kazi. Ni kimoja, kitanda kimoja, sitaweza kumchukua mgonjwa. Ile nyumba ya Pangani nimeirudisha kwa mwenyewe.

Kwa hiyo usihangaike na kupanga taratibu, nimekwisha kupanga. Kazi huna, nyumba huna, nafasi unayo tele. Fika Kisarawe kabla ya tarehe ishirini na tisa tukabidhiane. Usipofika, nitafunga mlango nitamwachia Siwema ufunguo, na nitakwenda kazini vilevile. Unanijua kama mtu asiyeweza kufanya hivyo. Baba naye alinijua hivyo.

Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku pia. Uji usiwe wa moto, huwa hasemi ukimwunguza, anatoa machozi tu. Sukari kidogo. Ukimvua mara ya kwanza atafumba macho, kwa sababu wewe ni mgeni. Mwache afumbe. Usimwonyeshe picha zozote za safari mpaka aombe mwenyewe, na ataomba, na utamwonyesha huku unanuka kama mimi nilivyonuka. Akikuita Rukaya, itika.

Siwema anakusalimu. Kaka Kitwana anakusalimu kutoka Dutumi, anasema tunajitahidi. Msalimie Aneth, mwambie mkoba sihitaji tena, abaki nao. Baba nimemuuliza salamu zake, akainua ule mkono wa kushoto. Sijui maana yake, nimeandika nilichokiona.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, akuepushe na ajali na maradhi, akufikishe salama mlangoni hapa. Namwomba kwa moyo safi kabisa, maana nakuhitaji ufike ukiwa na afya na mikono yote miwili.

Mimi mdogo wako, niliyekupenda kuliko mtu yeyote na ambaye hilo halijanitoka,

Rukaya