Sanduku Jepesi la Jonas

Kitomanga,
Lindi.
22 Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa Edwin,

Marahaba. Shikamoo yako ya mwezi uliopita niliipokea, nami naijibu leo kwa kalamu. Natumaini kifua kilichokusumbua kimepona na kwamba unakula vizuri. Sisi hatujambo. Mama yako Rosa amepata nafuu ya goti. Jana alikuwa shambani akisimamia ufuta ukikung'utwa, ingawa nilimkataza.

Barua hii inaletwa na Skolastika, aliyekuja likizo na sasa anarudi huko chuoni kwenu. Sikutaka kuyasema haya kwa simu, kwa kuwa sijui ni nani mwingine anayetusikiliza.

Ujumbe wako wa mwisho umenitia shaka. Umeandika kwamba Rais wa nchi hiyo unakosoma "ameonyesha uongozi thabiti katika kipindi kigumu". Mimi ndiye niliyekulea, na hayo si maneno yako. Maneno yako ni yale ya mwaka jana, uliponieleza kwamba mama mwenye nyumba wako ameitoa picha ya Rais sebuleni na kuiweka stoo, na kwamba huirudisha ukutani akibisha hodi mtu wa serikali. Ushahidi wa mama huyo nauamini kuliko hotuba yoyote.

Hotuba zenyewe nimezifuatilia redioni. Awali alisema jeshi limekwenda kulinda mpaka. Baadaye likawa limekwenda kuwaokoa ndugu wa damu. Sasa linalipiza kisasi. Sababu hubadilika, vita ni ile ile. Watu wake wameliona hilo na vijana wao wanajificha. Ndiyo maana anawageukia wageni waliokwama kwa ada kama wewe, akiwaahidi uraia kwa kazi ya kulinda maghala "mbali na mapigano". Kama ni mbali kiasi hicho, kwa nini yasilindwe na wazee wao?

Jonas, mtoto wa jirani yetu Fortunata, alitia saini mkataba huo huo wa ulinzi ambao umeniandikia kwamba unaufikiria. Ijumaa tumemzika. Tuliambiwa amekufa ghala lilipoungua.

Watani walikuja, kama ilivyo desturi, na Bi Zuwena wa Tingi akaketi juu ya sanduku ili lisishushwe kaburini. Tulidhani anataka fedha ya utani, tukamtupia noti.

"Okoteni noti zenu," akasema. "Mume wangu huyu alikuwa anamaliza sufuria ya ugali peke yake. Leo mmembeba kama kapu tupu. Huko alikokwenda hawapiki?"

Watu wakacheka. Kisha wakawageukia vijana waliolibeba sanduku, ambao walikuwa wakitazamana.

"Nifungulieni nimwone."

Kijana aliyelisindikiza kutoka uwanja wa ndege akamwambia, "Bibi, maagizo ni lisifunguliwe."

"Maagizo ya nani? Ya mwenye vita?"

Fortunata akamshika mkono. "Mtani, niachie nizike," akasema. Bi Zuwena akainuka, na noti zikabaki mchangani.

Sisemi kwamba sanduku lilikuwa tupu, sina ushahidi. Nasema mama amezika kitu alichokatazwa kukitazama, na waliomkataza ndio hao hao wanaoitaka saini yako. Mtu anayeficha kifo hawezi kuaminiwa anapoahidi uhai.

Kwa hiyo usitie saini. Ada ikishindikana, rudi bila shahada. Nimezungumza na mama yako, naye amekubali. Nauli tutaitafuta, na hapa nyumbani hakuna atakayekusimanga. Ikiwa umekwisha kutia saini, mweleze Skolastika kwa mdomo, usiandike popote.

Dada yako Valeria anakusalimu, na mdogo wako Damiani anauliza kama baiskeli yako anaweza kuendelea kuitumia. Nimemwambia akuulize mwenyewe utakapofika.

Bi Zuwena naye amenisimamisha njiani jana. Alikuwa bado amekasirika. "Mwambie huyo mpwa wako," amesema, "nataka kumtania akiwa ananisikia na kunijibu."

Mungu akufunike, akutoe huko na mwili wako wote.

Ni mimi nikupendaye daima,
Mjomba wako,
Klementi