Ng'ombe Aliyemeza Vidonge vya Koku

Mama Koku, mke wangu, salaam kutoka Rugu.

Mvua inanyesha vizuri, migomba imeshiba, ila mimi nachemka kwa hasira. Mkwe wetu alipoona mkewe Koku ametulia, vidonge vya daktari akampa ng'ombe wake mpiga mateke!

"Koku alishapona, Baba. Nikaona visiharibike."

Sasa ng'ombe anasinzia kama mimi kanisani, na mwanetu amerudiwa na zile sauti za kichwani, amefungwa kamba nguzoni.

Nikamfokea: "Mpumbavu! Vidonge ndivyo vilivyouzuia ubongo wake usichache kama pombe ya rubisi. Umeviondoa, ubongo umechacha tena!"

Ili kunituliza, akaniletea nyama na kisu. Kwa kisu nikakata kamba. Kesho nampandisha Koku lori, tunarudi Bukoba kwa daktari. Mtandikie upande wangu wa kitanda, mpenzi. Mimi nitakoroma jikoni.

Mzee wako,
Baba Koku